Mashine ya Mbu Namba Kumi na Ine

Laurentine aliona ile unyoya. Aliiona na macho yake mbili, aliishika na mukono yake, tena ilitoka ku kuku yake mwenyewe. Alafu siku yenye batu baliniita mwizi wa batri, akanyamaza. Akaangalia viatu yake, kama vile viatu njo vilikuwa vinasema.

Miaka saba. Batu banasema neno ikikaa inapoa. Yangu haikupoa. Kila asubui nilikuwa naamuka nayo, nanawa uso nayo, nawasha moto nayo.

Miye bananiitaka Mama Reine. Reine ni mutoto yangu, iko Lubumbashi, ananipigiaka simu ku Noeli, na kama Noeli iko na kazi, basi ku Bonane, mwaka mupya. Baba yake, Baudouin, alikufa mwaka ya tatu kisha kuvuka. Tulivuka wakati ya vita, toka Kilwa ya Congo, kule ngambo ingine ya ziwa, mu mutumbwi moja na Laurentine. Yeye na mutoto yake Chouchou mu mugongo, miye na Reine na sufuria moja, Baudouin anapiga kasia. Mutumbwi ilikuwa inaingiza mayi. Tuliitoa na ile sufuria, zamu yangu, zamu yake, mpaka mikono ikakufa ganzi. Mutu mwenye mulitoa mayi naye mu mutumbwi haiko jirani. Ni mutu yako. Njo vile nilikuwa nafikiri, mujinga miye.

Tukajenga hapa Kabuta, mu Nchelenge, nyumba mbili, katikati kuko tu nyanya zangu na jiko yake. Kazi yetu ikawa chisense, ile samaki kidogo kama sindano. Tunanunua asubui ku balovi, bavuvi ba usiku benye banarudi na taa zao, tunaanika mu muchanga, jioni tunakusanya, bale ba baiskeli banabeba mpaka ku Kawambwa.

Muchanga iko na sheria yake, hakuna mutu aliiandika. Chisense ikilowa mvua, imeisha. Inakuwa nyeusi, inanuka, hata bata anapita pembeni. Sasa mwenye anaona mvua kwanza, inatokeaka upande ya Kilwa, anasimama na anaita majina ya bote mbele ya kugusa samaki yake. "Ma Reine, ee! Ma Chouchou! Ba mama Mwamba! Mvua!" Jina moja moja, mpaka iishe. Hata mwenye muligombana naye jana, unamuita. Hata mwenye alilala na bwana yako, unamuita, alafu munaendelea kugombana kesho, samaki ikiwa mukavu. Miaka yote Laurentine njo alikuwa ananiita. Iko na sauti ya chuma yule mwanamuke, inavuka muchanga yote.

Basi projet ya mbu ikafika.

Hapa Nchelenge malaria iko kama jirani, inaingia bila kupiga hodi. Projet ilitutoboa vidole, ikapulizia nyumba dawa, alafu ikasema inataka kujua mbu yenyewe: ya aina gani, ngapi, inalala wapi, inauma nani. Bakaleta mashine. Ilikuwa kama kopo haina chini. Yulu kuko kifuniko na taa kidogo, ndani kuko kipanka, feni kidogo, chini banafunga kikombe ya chandarua. Waya mbili zinashuka mpaka ku batri, nzito kama tofali. Banaitundika pembeni ya kitanda. Taa inaita mbu, kipanka inaivuta, inaingia mu kikombe, haitoke tena. Asubui Kingsley anapita, anachukua kikombe, anaenda kuhesabu.

Kingsley ni mutoto ya hapa hapa, nilimujua na kamasi ku pua. Mbele ya projet alikuwa mulovi wa chisense, mutu wa kutengeneza taa za wenzake mu mutumbwi. Njo maana bakamupa kazi: anajua waya.

Laurentine akapata mashine namba kumi na tatu. Miye kumi na ine. Namba ilikuwa na rangi nyekundu.

Nitasema kweli, nilipenda ile mashine. Ilikuwa inafanya mmmm, mmmm, usiku yote, kama mutu anakoroma kidogo. Baudouin alikuwa anakoroma vile, lakini yeye alikuwa anavuta blanketi. Mashine haikuvuta kitu. Nililala muzuri, mara ya kwanza kisha miaka mingi, juu ya vile mu nyumba kulikuwa kitu ingine yenye kupumua.

Lakini mbu zilikuwa zinaimba inje ya chandarua kama kwaya, na asubui kikombe iko tupu. Na kitambaa yangu ya kichwa, yenye nilitundika ku musumari yulu ya mashine, ilikuwa inacheza. Nikajiuliza: mashine ya kuvuta, inachezesha kitambaa yenye iko yulu yake namna gani?

Asubui moja, mbele Kingsley afike, nikaenda kwa Laurentine.

"Ma Laurentine, kuya uone kitu."

"Ma Reine, hata uso sijanawa."

"Mbu haziangalie uso yako. Kuya."

Kuku yake ilikuwa mulangoni. Akachomoa unyoya moja ya mukia, kuku ikamutukana. Tukaiweka kwanza yulu ya mashine yake, namba kumi na tatu, ilikuwa ingali inazunguka. Shwii! Unyoya ikaingia, ikashuka mu kikombe pamoja na mbu. Tukaitoa, tukaenda kwangu. Laurentine akaiweka yulu ya namba kumi na ine. Unyoya ikaruka yulu, ikaenda kukwama mu masizi ya paa.

Laurentine akacheka mpaka akakaa chini. "Ma Reine! Ya kwako inatapika!"

Mulisikia hiyo. Ni yeye alisema. Inatapika.

Kingsley akafika, tukamwambia. Akaangalia mashine vile banaangaliaka mutoto wa mutu mwingine, akatuita mama mu Kibemba. "Bamayo, mashine haitapikake. Taa inawaka?"

"Inawaka."

"Basi. Taa ikiwaka, kazi inaenda."

Ni mulovi huyo anasema. Ku ziwa, taa ikiwaka, samaki inakuya, hakuna kuuliza zaidi. Laurentine akanikonyeza, tukanyamaza. Hiyo njo kosa yangu miye, ninaikubali: nilinyamaza ile asubui. Kisha pale sikunyamaza tena.

Juma munane Kingsley alihesabu. Kwa Laurentine makumi ine, makumi tano na mbili, makumi sita. Kwangu zero, zero, moja, zero. Ile moja nafikiri ilipotea njia.

Sasa kuko siku Kingsley alikuta simu ku kiti yangu, karibu ya batri, na kamba yake ya chaji. Simu ilikuwa nzee, Djo wa duka alinipa nipate tochi yake ya kumulika, na nilikuwa nachajia kwake Djo. Kingsley hakuuliza. Aliangalia simu, aliangalia batri, akaandika mu kitabu yake. Sikujua aliandika nini. Kusoma nilisoma miaka mbili tu, kwa masista, na mu zile miaka mbili nilibeba mayi yao zaidi ya kalamu.

Projet iko na desturi ya kurudisha majibu. Kisha kazi, inaita batu bote ku kiwanja ya shule, inawapa soda na biskuti, inasema imeona nini. Tulienda na Laurentine, tumevaa bikwembe, vitenge bya sare. Docteur wa projet alisema, Kingsley akageuza mu Kibemba, alafu mu Kiswahili juu ya siye ba Congo.

"Nyumba moja," Kingsley akasema, "tumeitoa mu hesabu. Mwenye nyumba alikuwa anachomoa batri ya projet usiku na kuchajia batu simu."

Hakutaja jina. Jina ya nini? Bote balikuwa banajua nani alikuwa anapata zero. Vichwa vyote vikanigeukia, kama mahindi mu upepo.

Nikasimama. "Kingsley, unasema bongo, unadanganya. Ile mashine inapuliza, haivute. Nilikuambia."

"Bamayo, mashine ni moja, zote zinavuta."

"Yangu inapuliza!"

Mwanaume mmoja nyuma akapaza sauti: "Mama, umeme uliisomea wapi weye?"

Mwingine akajibu: "Ku université ya sufuria!"

Kiwanja yote ikacheka. Hata docteur akatabasamu, na hakuelewa neno.

Nikasema: "Muulize Laurentine. Aliona na macho yake. Laurentine, baambie."

Kicheko ikaisha. Bote bakamwangalia. Laurentine akaangalia viatu yake. Tulinunua vile viatu siku moja, duka moja, vyangu vya bluu, vyake vyeupe.

"Miye..." akasema. "Sikumbuki muzuri."

Tulipotoka akanikimbilia ku njia, akanishika mukono. "Ma Reine, uombe tu pardon, ile maneno iishe."

"Pardon ya nini?"

Sababu niliijua. Jumatatu, Lundi ya ile juma, Chouchou yake alikuwa ameanza kazi ku projet, ya kuosha vikombe vya mbu. Bibi iko na mutoto mu kazi, anakumbuka muzuri vipi? Nikatoa mukono yangu, nikaenda. Toka ile siku sikumuitikia tena.

Mashine bakaibeba kesho yake. Nyumba ikanyamaza. Musumari ikabakia.

Batoto bakanipa jina: Mama Batri. "Mama Batri, simu yangu imezima!" Bakikimbia bananicheka, na mama zao bananyamaza. Ku kanisa nikahama mustari ya mbele, nikakaa ya nyuma, karibu ya mulango, pahali ya bale banafika na kuchelewa. Hakuna aliniambia nihame. Hakuna aliniambia nirudi.

Hiyo yote ningeiweza. Lakini kukaja mvua.

Ilikuwa mwezi ya kumi na moja. Nilikuwa nimeanika beseni tatu, nikaenda ku kichaka kujisaidia. Nilisikia sauti mbali, majina: "Ba mama Mwamba! Mama Kapembwa!" Nikasimama, nikangoja jina yangu. Batu banakaaka na kungoja treni, miye nilingojea jina. Sauti ikaisha. Nikafika ku muchanga mvua ishapiga. Bote bamefunika, bako chini ya mapaa yao, na beseni tatu yangu inaelea kama takataka. Laurentine alikuwa mu mulango yake. Yeye njo alikuwa ameita. Aliita bote, akaniruka. Kesho akasema kwa batu eti aliogopa sitaitika.

Ni kweli singeitika. Lakini ningesikia.

Kisha pale nikajifunza kuangalia mawingu miye mwenyewe. Naanika kidogo, nakaa pembeni ya samaki yangu na shingo imegeuka Kilwa, kutwa yote, kama askari. Sikuenda sokoni siku ya jua, sikuenda kulia kilio ya batu siku ya jua. Bakasema: uyu mwanamuke iko na roho mubaya, hata matanga haende. Nani angeita jina yangu?

Chouchou aliosha vikombe miaka mbili, alafu akaolewa Ndola. Laurentine akabakia pekee yake, miye pekee yangu, na zile nyanya katikati. Najua kikohozi yake. Najua akiamuka, akipika, chumvi ikiisha, juu ya vile anagonga kopo. Kulikuwa siku alikuwa anaambia kuku yake habari za ndoto yake, ndoto ndefu, na miye nilisimama na ndoo mukononi nikasikiliza mpaka mwisho. Kuku haikujibu. Miye pia.

Alafu mwaka jana, mwezi ya munane, mutu akapiga hodi.

Ilikuwa musichana ya Lusaka, suruali, nywele fupi, mukoba ya bisbisi mu bega. Jina yake Mwiche. Alikuwa ingénieur wa umeme, projet ilimuita kutengeneza mashine nzee na kuzitia umeme ya jua. Tulisemezana Kibemba. Na mukono ingine alishika kitu yenye nilijua mbele ya kuona namba yake.

"Bamayo, mashine hii ilikaa humu?"

"Hii nyumba mulishaitoa mu hesabu. Nenda ukahesabu kwa bengine."

Hakuenda. Aligeuza beseni yangu, akaketi yulu yake bila kuuliza. Nikapenda hiyo kidogo.

Akaniambia hivi. Alisoma vitabu vyote vya Kingsley, miaka yote. Akaona kwangu zero. Kisha kwangu, mashine namba kumi na ine ilipelekwa Mununga, ikatundikwa mu nyumba ya pasteur mumoja. Zero. Bakaandika: upepo ya ziwa ni mingi. Kisha pale ikaenda kwa mwalimu. Zero. Bakaandika: dawa inafanya kazi muzuri.

"Zero haikufuata batu, bamayo," akasema. "Ilifuata mashine."

"Na yule pasteur, balimwita mwizi?"

Akaangalia chini, akacheka kidogo. "Balimusifu ku kanisa. Eti nyumba safi."

Muone sasa. Zero mu nyumba ya pasteur ni usafi. Zero mu nyumba ya mama wa Congo ni bwizi.

Akafungua mashine pale mulangoni. Ndani, waya zote mbili zilikuwa nyeusi. Akanionyesha: zingepaswa moja nyekundu, moja nyeusi. Panya zilikula za zamani mu stoo, na mutu akaweka waya ya taa ya mutumbwi. Ku taa ya balovi, ile ya balbu, unafunga waya hii huku ao kule, ni sawasawa, inawaka tu. Balbu haina mbele, haina nyuma. Lakini kipanka iko nayo. Ukigeuza waya, inazunguka kinyume, na pahali ya kuvuta inapuliza.

"Na taa inaendelea kuwaka," nikasema.

"Inaendelea kuwaka," akasema.

Taa ikiwaka, kazi inaenda. Kingsley, Kingsley.

Akafunga batri, kipanka ikaanza. Mmmm. Miaka saba sikuisikia, nikashika mulango. Mwiche akatafuta karatasi mu mukoba yake.

"Acha karatasi," nikamwambia. "Ngoja."

Nikakamata jogoo yangu, nikachomoa. Unyoya ikaruka yulu ya kichwa ya Mwiche, ikaanguka mu nyanya. Hakucheka. Aliandika.

"Bamayo, ulibaambia?"

"Nilibaambia."

"Kuko mwingine aliona?"

Nikamuonyesha na kidevu, upande ya nyanya.

Akaenda. Nilisikia vyote, nyumba zetu hazina siri. Laurentine akasema pole pole: "Ni zamani, mwanangu. Sikumbuki muzuri."

Mara ya pili. Nikahesabu: mara ya pili.

Mwiche akarudi, akasema projet itaniandikia barua ya pardon, yenye muhuri.

"Barua naipeleka wapi? Nitaibandika ku mukia ya jogoo? Balinitukana na kinywa, bajibu na kinywa. Kiwanja ile ile, batu bale bale, na Kingsley njo aseme. Kama hapana, mubebe mashine yenu."

Docteur wa ile wakati alisharudi kwao, kulikuwa mupya. Sijue Mwiche alisema naye nini. Najua tu walitumia miezi tatu kukubali, alafu bakasema: siku ya kurudisha majibu, mwezi ya kumi na moja.

Siku moja mbele, Kingsley akafika kwangu. Amenenepa, iko na batoto ine. Akavua kofia.

"Bamayo, tumalizie hapa hapa, siye wawili. Niko na jina mu hii kijiji."

"Na miye nilikuwa na nini? Kidonda?"

"Sikujua, bamayo. Kweli ya Mungu, sikujua."

"Hukujua, na ulisema. Kesho utajua, na utasema. Vaa shati safi."

Kesho kulikuwa jua kali. Nilianika beseni mbili, nikaangalia Kilwa: safi. Nikaacha samaki yangu mu muchanga bila mulinzi, mara ya kwanza mu miaka saba. Nikavaa vile viatu vya bluu. Vilikuwa vimepasuka, nikavivaa tu.

Soda, biskuti, docteur mupya. Alafu Kingsley akasimama, mashine mukononi, shati safi. 

"Mashine hii ilikuwa kwa Mama Reine. Waya zake nilitia miye. Nilizifunga vile tunafungaka taa ya mutumbwi. Nilizigeuza, sikujua. Ilikuwa inapuliza. Mama Reine aliniambia inapuliza, miye nikasema anachomoa batri. Hakuchomoa. Hakuiba. Bongo ilikuwa ya kwangu."

Akafunga batri. Mwiche akamupa unyoya. Ikaruka. Mwiche akageuza waya mbili tu, vile unageuza samaki mu sahani, akamupa unyoya ingine. Shwii, ikaingia.

Nikatafuta yule wa université ya sufuria. Alikuwa anafungua biskuti yake kwa heshima kubwa sana.

"Mama Reine," docteur akasema Kiswahili yake ya kukariri, "tunaomba musamaha."

Niliketi tu. Nilikuwa ningali nangoja.

Alafu kiti ikalia. Laurentine alikuwa amesimama. Amezeeka, nilikuwa sijamwangalia mbele muda murefu, ngambo ya nyanya mutu unamuonaka pembeni tu. Hakuwa na vile viatu vyeupe. Alikuwa na kandambili.

"Miye niliona," akasema. Ile sauti ya chuma ilikuwa imebakia kidogo tu. "Niliona siku ile. Unyoya ilitoka kwa kuku yangu. Nilicheka, nilisema inatapika. Nilinyamaza juu Chouchou alikuwa amepata kazi, niliogopa bamufukuze. Mwezi ya munane uyu mutoto wa Lusaka aliniuliza, nikanyamaza tena, juu ya haya." Akanigeukia. "Ma Reine. Unisamehe."

Bote bakaniangalia, tena kama mahindi. Ba mama bengine balishaanza kufuta macho, banangoja tukumbatiane, kipindi iishe bakunywe soda.

"Nimesikia," nikasema.

Akangoja. Sikuongeza. Kusikia ni kusikia. Akaketi.

Mwiche akauliza, mbele ya bote, kama nitakubali mashine irudi kwangu, juu banataka kuhesabu upya. Nikasema nakubali. Lakini batri, miye siigusi. Kila jioni Kingsley atakuja yeye mwenyewe kuifunga, na kila asubui atakuja kuifungua, jua ao matope, juu miye ni Mama Batri, mukono yangu haiaminike. Batu bakacheka, na ile mara habakunicheka miye. Kingsley akainamisha kichwa: "Nitakuja, bamayo." Akaweka mashine mu bega, akasema inaanza leo jioni.

Nikatoka mbele ya bengine. Sipendi kutembea katikati ya batu benye banatafuta neno ya kuniambia. Nilikuwa nafika ku mihogo ya shule, kukakuwa giza kidogo. Nikageuka: Kilwa imepotea, wingu nyeusi imeshuka mpaka ku mayi. Na miye, mulinzi wa miaka saba, sikuangalia. Beseni mbili mu muchanga.

Pale nikasikia, nyuma yangu, mbali, toka ku kiwanja:

"Ma Reine, ee! Ma Reine! Mvua! Mvua, Ma Reine!"

Laurentine aliita yangu kwanza. Alafu bengine, moja moja.

Sikuitika. Tena sikukimbia palepale. Nilisimama ku njia na vile viatu vyangu vilivyopasuka, nikangoja aite mpaka mwisho, jina yangu na majina yote, sikutaka hata moja inipite. Alafu njo nikakimbia. Beseni moja niliiokoa. Ile ingine ililowa.